"Ni" mbili: kauli mbiu, Mkunguni na bonde la Msimbazi

Kuna sentensi ambayo karibu kila aliyepita shule ya msingi hapa nchini ameiandika kwenye daftari la insha au ameisoma ukutani akisubiri foleni ya uji: Miti ni uhai. Dada zake tunawajua. Maji ni uhai, Misitu ni mali, na kadhalika. Ukoo wao una historia. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wakikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wanasikiliza, wanasoma kijitabu, wanajadili. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Zote zimefumwa kwa mshono mmoja: nomino, kisha "ni", kisha nomino nyingine.

Sina ugomvi na kampeni zenyewe. Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili, na vyoo vilichimbwa kweli, madimbwi yakafukiwa kweli. Ugomvi wangu ni na hiyo "ni", ambayo walimu wetu waliiita kitenzi kishirikishi. Ni kitenzi kisichotenda. Ukisema misitu ni mali hujasema msitu upi, uko wapi, mali ya nani, nani kaukata na nani ataurudisha. Sentensi inafungwa kabla hadithi haijaanza. Na kwa kuwa wengi wetu tulijifunza kuandika kuhusu miti kwa sentensi hiyo, tumeendelea nayo hadi kwenye vitabu. Fungua diwani nyingi za mashairi ya Kiswahili utafute mti: utaupata, lakini utakuwa ishara. Mbuyu ni ukale. Mti uliokauka ni taifa. Kivuli ni uongozi mwema. Hata jina lake mara nyingi halitajwi, ni "mti" tu, kama vile tunavyosema "mtu" tusipotaka kumtaja mtu.

Sasa basi, mwaka huohuo wa 1980 Tanzania Publishing House ilitoa kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Historia yake inauma. Mzee Kitereza wa Ukerewe alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, hakupata mchapishaji, akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1981, kitabu kikiwa kimetoka tu, akafariki. Wahakiki wamekilaumu kwamba kinakawia mno: mtu anaambiwa na wakwe zake alete pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, na wewe msomaji unapelekwa hatua kwa hatua namna pombe hiyo inavyotengenezwa. Mgonjwa anahitaji dawa, unapewa safari nzima ya mganga. Mimi naona huko kukawia ndiko kitabu chenyewe. Kwa Kitereza mmea hauingii kwenye ukurasa kuwa ishara ya kitu. Unaingia kwa sababu kuna mtu anauhitaji leo, na asipojua unapatikana wapi atarudi mikono mitupu. Ni uandishi wenye mahali.

Hapo ndipo nataka kwenda. Kiswahili kina "ni" nyingine, ndogo zaidi, inayojibandika mwishoni mwa neno: nyumbani, sokoni, shambani. Hiyo haidai kwamba kitu fulani ni kitu fulani, inakuelekeza mahali tu. (Wajuzi wa sarufi watanikumbusha kuna na ya tatu, ile ya amri: pandeni! Hiyo tumeisikia vya kutosha kwenye maadhimisho.)

Dar es Salaam imeandikwa kwa "-ni" hiyo ya mahali. Mikocheni, palipokuwa na mikoche. Mbuyuni. Mkwajuni. Mikoroshini. Mchikichini, pale pembeni ya bonde. Ndani ya Kariakoo kwenyewe kuna Mtaa wa Mkunguni na Mtaa wa Mchikichi. Na ipo Mnazi Mmoja, ambayo haina "-ni" lakini ina usahihi wa kutisha: hawakusema minazi, walihesabu wakasema mmoja. Walioyatoa majina haya hawakuwa wakiandika mashairi. Walikuwa wakielekezana njia. Lakini ukiyaweka pamoja unapata kitu ambacho riwaya zetu za mjini hazijatupa, yaani orodha ya mimea ya jiji iliyoandikwa na wakazi wake wenyewe, kila mmea na mahali pake.

Pita Mkunguni leo mchana uone. Ni maduka, vibanda, mikokoteni, mabegi yametandazwa hadi barabarani, wapagazi wanapiga kelele "mzigo, mzigo!" Mkungu hauonekani. Jina limebaki kama kichwa cha habari ambacho habari yake imechanwa. Na hili si la Mkunguni peke yake. Nenda Mikocheni kahesabu mikoche.

Mtu wa ikolojia akisikia hivyo atasema haya, tuirejeshe. Ndipo shida inapoanza, kwa sababu kurejesha ni kazi inayofanana sana na ya mhariri wa muswada wa kale uliotafunwa na mchwa. Huwezi kuujaza mapengo kabla hujaamua unarudisha nakala ipi. Kariakoo ina nakala kadhaa. Kabla ya kuwa mji ilikuwa shamba la minazi. Mwishoni mwa utawala wao Wajerumani wakalitwaa eneo hilo wapange mji wa Waafrika, mbali na Uzunguni. Vita vikaja, Waingereza wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo yetu ikalitafuna jina hilo likawa Kariakoo. Mitaa yake iliyonyooka kama mistari ya daftari ilipangwa kwa ajili ya kutenga watu: Wazungu kule pwani, Wahindi katikati, Waafrika huku, na kati ya Waafrika na wengine uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Tunapoita uwanja ule "mapafu ya jiji" tukumbuke kwamba uliachwa wazi kwa hofu ya magonjwa yetu. Kule Uzunguni, Wajerumani walikuwa wameanzisha bustani ya mimea tangu mwaka 1893, chini ya Franz Stuhlmann, wajaribu mazao na miti ya kigeni. Barabara za kule zikapata miti ya kivuli. Huku Kariakoo watu walipata kivuli cha mti waliopanda wenyewe uani.

Na miti waliyopanda, mingi ilikuwa wageni. Mwembe umetoka Asia. Mkungu pia, ingawa tunda lake huelea baharini na huenda ulikuja mwenyewe bila kuomba kibali. Mkorosho umetoka Brazil. Mwarobaini ulitoka India ukapewa jina la Kiswahili la kutibu magonjwa arobaini, na leo ukimwambia mtu wa Pwani kwamba ni mgeni atakukatalia. Mkwaju ndio unanichekesha zaidi. Waarabu waliuita tende ya India, wanasayansi wakauandika Tamarindus indica, na kumbe asili yake ni Afrika. Mwenyeji ndiye aliyepewa pasipoti ya kigeni. Waliobaki kwenye orodha ya wenyeji hasa ni mbuyu, mkoche na mkwaju wenyewe.

Kwa hiyo ukiambiwa jiji litarejeshewa "uoto wa asili", uliza asili ya lini. Msitu wa pwani uliokuwepo kabla ya minazi? Minazi? Mikungu ya uani? Mimi nina jibu langu, nitalitoa baadaye.

Kwanza soko. Jengo la soko la Kariakoo lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania, likajengwa miaka ya 1970. Nimesoma insha nyingi za kulisifu na nyingi za kulililia baada ya moto wa Julai 10, 2021, lakini chache zinaliangalia kama maandishi. Angalia paa lake. Ni miavuli ya zege iliyofungua kinywa juu, kila mmoja umesimama kwenye nguzo yake, na inakinga mvua na kuiteremsha chini ikahifadhiwe. Yaani Amuli aliwajengea wafanyabiashara miti. Soko la Kiafrika ni chini ya mti, naye akaupanda mti wa zege. Ila hakuishia kwenye umbo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mchongaji wa kawaida angetengeneza nguzo yenye sura ya mti akaondoka. Yeye alijiuliza mti unafanya nini: unatoa kivuli, unakinga maji, unayapeleka ardhini. Akaliwekea jengo kazi hizo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mti kama ishara na mti kama kitendo, imeandikwa kwa zege katikati ya mji, na sisi waandishi tunapita chini yake kila siku kununua vitunguu.

Pembezoni mwa soko, na kwenye vichochoro vinavyolizunguka, wapo wauza dawa za miti shamba. Magome, mizizi, unga kwenye chupa za maji zilizotumika. Kwa muuza dawa mzuri kila kipande kina jina, kina mahali kilipotoka, kina namna ya kuchimbwa, na kina ugonjwa wake. Halafu nenda kwa wauza miche ya bustani kandokando ya barabara kubwa. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja mche ule unaitwaje. "Huo mti wa kivuli, kaka." Na huu? "Huo wa maua." Hakuwa na kosa, wateja ndivyo wanavyouliza. Lakini ukiwaweka hao wawili pamoja, mwenye mizizi iliyokufa iliyojaa majina na mwenye miche hai isiyo na jina, una picha ya tulipofika. Mimea tunayoijua kwa jina inakuja mjini ikiwa magunia. Ile tunayoipanda hatuijui.

Riwaya ya jiji ingeweza kusaidia, lakini ilishughulika na mengine. Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa, ya mwaka 1990, ni mji wa taa, hoteli na tamaa, na ni haki yake, jina lenyewe limeshakuonya. Kitabu ambacho kimenisaidia kufikiri kuhusu suala hili si cha Dar hata kidogo, ila kwa Kiswahili kimetoka hapahapa Dar, kwa Mkuki na Nyota, mwaka 2022. Nazungumzia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994.

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza kitabu kinaitwa Paradise, nomino tupu. Kwa Kiswahili tungeweza kusema Pepo, lakini nani angesoma bila kufikiria mashetani? Kwa hiyo ikawa Peponi. Unaweza kusema ni matumizi ya kawaida tu, hakuna cha kuchambua. Mimi nasema "-ni" hiyo imekibadilisha kitabu. Paradise ni wazo, na Peponi ni mahali, na mahali pana mlango, pana walio ndani na walio nje, na pana anayefagia.

Katikati ya riwaya ipo bustani ya mfanyabiashara Aziz: imezungushiwa ukuta, ina bwawa katikati na mifereji ya maji inayoelekea pande nne, kama pepo inavyoelezwa. Kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kulipia deni, anaipenda. Anaanza kuisaidia kuitunza. Wasomaji wengi niliowasikia wakijadili kitabu hiki hukaa na Yusuf, na hilo linaeleweka, lakini mimi huwa namtazama Mzee Hamdani. Ndiye mtunza bustani. Ni mtumwa aliyekataa kupewa uhuru, kwa hoja kwamba uhuru si kitu cha mtu mwingine kukupa. Kwa miaka yote hiyo anamwagilia, anapalilia, anaimba dhikiri zake, na bustani si yake. Gurnah hatuambii kwamba uzuri wa bustani ni wa uongo. Ni mzuri kweli. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya riwaya: uzuri ule ni wa kweli na utumwa ule ni wa kweli, na vyote vinanyweshwa na mkono mmoja.

Ndicho kipimo ninachotaka kukichukua kutoka kwenye riwaya hii niteremke nacho mtaa wa Msimbazi hadi bondeni Jangwani, kwani pale ndipo bustani kubwa kuliko zote katika historia ya jiji hili inapoandikwa.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita mjini kwa zaidi ya kilomita 30, unaikata Kariakoo na Magomeni pale Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011 ulifurika ukaua makumi ya watu, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba za bondeni zikapigwa alama ya X nyekundu na kuvunjwa. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, ambayo nayo ilijengwa palepale, ilizama mara kwa mara. Mwaka 2018 vikafanyika vikao vya kupanga upya bonde zima, ukatoka mpango unaoitwa kwa Kiingereza Msimbazi Opportunity Plan, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde: daraja jipya, mkondo uliotengenezwa upya, wakazi wa bonde la chini kulipwa na kuhama, na bustani ya jiji.

Jina la mahali hapo linanishangaza kila siku. Jangwani. Sehemu yenye maji kuliko zote mjini inaitwa jangwa. Wengine huliona ni kichekesho. Mimi nalisoma kama taarifa. Nyuma ya mikoko, sehemu ambayo bahari huifikia kwa nadra, maji hukauka na kuacha chumvi juu ya ardhi, na chumvi ikizidi hakioti kitu. Unabaki uwanda mtupu, mweupe, wenye nyufa. Kwa jicho la mwenyeji wa pwani hilo ni jangwa, na ni dalili kwamba bahari iko jirani na itarudi. Kama nasoma sawa, jina lile lilikuwa onyo limebandikwa mahali pake, wazi kabisa, kwa Kiswahili, kabla ya kikao chochote. Sisi tulilichukua kama jina la kituo cha daladala.

Sasa tazama Kiswahili kilivyo tajiri hapo chini mtoni. Tunasema "mikoko" kwa wote, kama Kiingereza kinavyosema mangrove, lakini hilo ni jina la ukoo. Ndani yake wamo mlilana, mkoko wenyewe, mshinzi ambao wengine huuita muia, mkandaa, kikandaa, mchu, mkomafi, msikundazi. Wavuvi, waunda majahazi na wakata boriti ndio waliyatenga majina hayo, kwa sababu kwao kukosea kulikuwa na gharama. Mlilana ulitoa mataruma ya chombo. Msikundazi ulitoa mlingoti. Mkandaa ulitoa boriti na magome ya kutia rangi ngozi, na boriti zilisafiri hadi Uarabuni, tena upana wa vyumba vya nyumba za mawe za pwani ulifuata urefu wa boriti. Mti ulikuwa unaamua ukubwa wa chumba ambacho watu walizaliwa na kuoana.

Na kila jina lina mahali. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapigwa na bahari. Nyuma yake mkoko na magoti yake marefu kwenye tope laini. Kisha mshinzi na mkandaa, na huko nyuma kwenye chumvi kali, mchu, ambao hutoa chumvi kupitia majani (lamba jani lake uone) na hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza ardhini kama penseli zilizosimamishwa. Ukipanda mti sahihi mahali pasipo pake, unakufa. Si jambo la nadharia. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Sri Lanka ilipandwa mikoko kwa nia njema na fedha nyingi, na sehemu kubwa ilikufa. Kilichopendwa kupandwa ni jamii ya mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu yake huchipua ikiwa bado juu ya mama yake, inadondoka kama mkuki mrefu, rahisi kuokota, rahisi kuchomeka topeni, na inapendeza kwenye picha. Yaani ilipandwa kwa "ni" ya kwanza: mikoko ni kinga. Hawakuuliza wapi.

Huko Florida, Marekani, mwanaikolojia Robin Lewis alitumia miaka mingi akifundisha kitu kilichowaudhi wapenda sherehe: usianze na kupanda. Anza kwa kuuliza kwa nini mikoko haipo. Mara nyingi ni maji yamezuiliwa, au ardhi imeinuliwa. Rekebisha maji yapande na kushuka kama zamani, mbegu zitakuja zenyewe na bahari. Jirani zetu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wanapanda, ila wanapanda baada ya utafiti wa miaka mingi, na mradi wao wa Mikoko Pamoja unaendeshwa na wanakijiji wenyewe, wanauza hewa ukaa na fedha inaingia kwenye maji na shule za pale.

Kwa Msimbazi swali la "kwa nini haipo" lina jibu baya. Vijizizi vya mchu vinafukiwa. Mchanga unaoshuka na mafuriko, na takataka, vinafunika zile penseli, mti unakosa hewa unakufa umesimama. Mchanga unatoka juu, kwenye kingo zilizokatwa na vilima vilivyovuliwa miti, na mkaa wa sehemu hizo umepikia chai na wali wa jiji hili kwa miaka. Kwa hiyo kurejesha mchu wa Salenda kunaanzia Pugu. Sherehe ya kupanda miche daraja la Salenda, mheshimiwa akiwa na buti mpya, ni ukurasa wa mwisho wa kitabu unaosomwa kwanza.

Mpango wenyewe, nauheshimu. Ni miongoni mwa maandishi machache kuhusu jiji hili yanayoanza na maji badala ya kuanza na barabara. Unakubali kwamba mto una haki ya kufurika na kwamba sehemu fulani lazima ziachwe kwa ajili yake. Kasoro yangu kwake ni ya kifasihi, na nadhani ya kifasihi hapa si ndogo. Umeandikwa kwa Kiingereza, na neno lake kuu ni fursa. Fursa ni neno la aina ya "ni" ya kwanza: bonde ni fursa. Kwa nani? Kwenye bonde lile palikuwa na wakulima wa mchicha waliolisha Kariakoo, mchicha ambao watafiti wameupima na kukuta madini mazito kutokana na maji machafu ya juu. Hapo kuna mgogoro wa kweli na sitaki kuupaka sukari: mboga zile zilikuwa zikiwalisha watu na zikiwadhuru. Lakini mtu aliyelima kingo zile kwa miaka 20 anajua maji yanapanda hadi wapi mwezi wa nne, wapi panakauka kwanza, magugu gani yanarudi. Yeye ndiye Mzee Hamdani wa bonde. Akilipwa akaondoka, bustani inabaki na ukuta, bwawa na mifereji, na haina mtu anayeijua. Atakuja mkandarasi wa nyasi. Atapanda nyasi, mitende ya mapambo na mikrismasi ya Madagaska kwa kuwa inachanua vizuri Desemba.

Kuna mfano wa hapa nchini unaoonyesha njia nyingine, japo ni mbali na bahari. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa mkoa uliokuwa umegeuka vumbi. Mwanzoni ilikuwa ni vitalu na miche, kazi za kawaida, na mafanikio yalikuwa haba. Mambo yalibadilika mradi ulipoliokota neno la Wasukuma lililokuwepo tayari: ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa msimu wa mvua ili nyasi na miti ipumzike, mifugo iingie kiangazi. Visiki vilikuwa hai chini ya ardhi vikingoja kuachwa tu. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea kwenye zaidi ya hekta laki tatu. Si kwamba Wasukuma ni wahifadhi wa kuzaliwa, hadithi hizo sizipendi. Ni kwamba neno lile lilikuja na kila kitu ambacho kauli mbiu haina: mahali, msimu, mwenye mali, na faini kwa anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati.

Basi jibu langu kuhusu nakala ipi ya Dar irejeshwe, kama nilivyoahidi. Sitaki nakala moja. Bondeni nataka nakala ya kabla yetu sote: mlilana, mkoko, mkandaa na mchu, kila mmoja kwenye mstari wake, na ule uwanda wa chumvi nyuma yao uachwe mtupu, wala asije mtu kuupanda chochote kwa kuona haya kwamba hauna kijani. Jangwani pabaki Jangwani. Juu mjini ni tofauti. Kariakoo haikuwahi kuwa na msitu ambao aliye hai anaukumbuka, iliwahi kuwa na watu waliopanda kivuli uani mwao. Pale sitaki mtaalamu aniletee orodha ya miti ya asili tupu. Nautaka ule mgeni wa Asia, mkungu, majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka, watoto wakigonga kokwa kwa jiwe. Mmoja tu, pale kona ya Mkunguni, na kibao chenye jina lake. Wamachinga watapanga foleni ya kuweka meza chini yake kabla hata haujafika kimo cha mtu, na mgambo atakuja kuwafukuza, na nitafurahi sana kusoma riwaya itakayoanzia hapo.